"Nipe Kampani": Neno la Mtaani Lenye Mkate Ndani Yake



Wapendwa vijana, somo letu la leo ni la neno moja tu, tena neno ambalo hulikuti kwenye katekisimu wala kwenye kitabu cha sala. Ni neno la mtaani: kampani. "Nipe kampani hadi stendi." "Kampani ndiyo iliyomharibu yule mtoto." "Mimi Jumuiya siendi, sina kampani kule." Hii sentensi ya tatu nimeisikia kwa vijana wengi mno, kiasi kwamba siwezi tena kuichukulia kama kisingizio cha mvivu. Kijana anayesema hivyo anasema jambo zito juu ya Kanisa, hata kama mwenyewe hajui kuwa amelisema. Kwa hiyo tukae na neno hili kidogo, tulichambue, halafu tuone linatupeleka wapi.

Tuanze na jinsi tunavyolitumia. Kampani na urafiki si kitu kimoja. Unaweza kumpa kampani mtu uliyemfahamu leo asubuhi: mmekaa siti moja kwenye basi la kutoka Mbeya, mmegawana karanga na maji, mkifika Chalinze kila mmoja anajua mwenzake anatoka ukoo gani, na mkishuka Mbezi mnaachana bila hata kuombana namba. Ile ilikuwa kampani ya kweli. Na upande mwingine, rafiki yako kipenzi anaweza kukaa pembeni yako jioni nzima, macho kwenye simu, asikupe kampani hata chembe.

Angalia pia kitenzi. Hatusemi "nifanyie kampani". Tunasema nipe. Yaani ni kitu kinachotoka kwako kinakuja kwangu, na wewe kinakupunguzia kitu: saa mbili za jioni yako, nauli, usingizi. Halafu, mtu anayeomba kampani hajaomba ushauri, hajaomba hela, hajaomba umtatulie shida. Dada akikwambia "nipe kampani nikamwone mama hospitali", hakutaki ukamtibu mama yake. Anakutaka wewe uwepo. Katika falsafa tunasoma kurasa na kurasa juu ya tofauti ya kumtumia mtu na kuwa na mtu, na mara nyingine nafikiri ombi hili la mtaani limemaliza mjadala mapema.

Mkate uliofichwa

Sasa twende kwenye mzizi. Neno kampani tumelichukua kwa Waingereza, wao walilichukua kwa Wafaransa, na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini cha nyakati za mwisho: companio. Ligawe mara mbili. Com ni "pamoja". Panis ni "mkate". Wanakwaya hapa wananielewa haraka, maana panis ni ile ile ya Panis Angelicus, maneno aliyoyatunga Mtakatifu Thomas wa Akwino kwa ajili ya sherehe ya Ekaristi. Kwa hiyo companio ni mtu mnayekula naye mkate mmoja. Kutoka shina hilo hilo limezaliwa pia neno "kampuni". Ni ndugu wawili: mmoja kaenda mjini kusajili biashara, mwingine kabaki kijiweni anapiga stori.

Na usidhani ni Wazungu tu waliofikiri hivyo. Kiswahili cha zamani kina msemo "kula bia". Hapana, si ile bia inayouzwa baa! Kula bia ni kula pamoja chakula ambacho kila mmoja amekichangia: wewe umeleta mchele, yule nazi, mwingine samaki. Kutoka hapo tuna "mbia" na "ubia", maneno ambayo siku hizi tunayasikia serikalini tu, kwenye miradi ya ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi. Lakini ubia ulianzia kwenye sinia. Hata lile neno wenzetu wa makanisa mengine wanalolitumia kwa vipindi vyao vya sala, "felowshipu", lina asili ya namna hiyo. Shina lake linatoka kwa watu wa Skandinavia wa kale, kwao félagi alikuwa mtu aliyeweka mali pamoja na wenzake katika shughuli moja, na fé maana yake ni mifugo, ni mali. Mmasai au Msukuma hahitaji kufafanuliwa kwa nini neno moja linabeba ng'ombe na utajiri kwa pamoja.

Je, umeona kinachojirudia? Watu wa lugha tatu tofauti wametafuta jina la kule kukaa pamoja kwa furaha, na kila mmoja ndani ya jina ameweka kitu kinachoshikika: mkate, wali, ng'ombe. Hakuna aliyeita "kampani" hali ya kuwa tu sehemu moja. Watu mia kwenye foleni ya benki wako sehemu moja. Hawana kampani.

Ushirika wa kahawa na ushirika wa Watakatifu

Kanisa letu kwa Kiswahili limechagua neno jingine, na ni neno zuri sana: ushirika. Kila Jumapili tunakiri imani, na katika Nasadiki ya Mitume tunataja ushirika wa Watakatifu. Padre anapotusalimu mwanzoni mwa Misa anaweza kututakia ushirika wa Roho Mtakatifu. Lakini muulize mzee wa Kilimanjaro: ukisema "ushirika", picha ya kwanza kichwani mwake ni mzani wa kahawa. KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kule, kiliundwa mwaka 1933, na hadi leo Moshi ina Chuo Kikuu cha Ushirika. Wengine wanaona ni bahati mbaya kwamba neno takatifu linagongana na neno la biashara ya mazao. Mimi naona ni bahati njema, na Biblia iko upande wangu.

Neno la Kigiriki lililo nyuma ya ushirika ni koinonia, kutoka koinos, yaani "cha wote". Fungua Lk 5:10. Petro na wenzake wamevua samaki hadi nyavu zinataka kukatika, na Luka anasema Yakobo na Yohane, wana wa Zebedayo, walikuwa koinonoi wa Simoni. Washirika wake. Yaani wabia wa biashara ya samaki! Kabla ya kuwa nguzo za Kanisa, watu hawa walikuwa tayari na ushirika: mashua, nyavu, faida na hasara. Halafu huyo huyo Luka, akiandika Mdo 2:42, anasema waamini wa kwanza walidumu katika mambo manne: mafundisho ya mitume, koinonia, kuumega mkate, na sala. Mistari miwili baadaye anaeleza koinonia hiyo ilikuwaje: walikuwa na vitu vyote shirika, wakauza mali zao, kila mtu akapata kadiri ya haja yake.

Fuata neno hilo kwa Paulo uone. Katika Rum 15:26 waamini wa Makedonia na Akaya wamefanya mchango kwa maskini wa Yerusalemu, na neno analolitumia kwa mchango huo ni koinonia. Katika Gal 2:9 Yakobo, Kefa na Yohane wanampa Paulo na Barnaba mkono wa koinonia, na sharti pekee linalofuata ni kwamba wawakumbuke maskini. Na katika 1Kor 10:16 kikombe tunachokibariki ni koinonia ya damu ya Kristo, mkate tunaoumega ni koinonia ya mwili wake. Tafadhali usipite haraka hapo. Neno moja: samaki, mchango, kushikana mikono, Ekaristi. Paulo hakuwa na neno moja la "mambo ya kiroho" na jingine la "mambo ya mfukoni".

Hapa niweke pembeni jambo moja, maana wengi wenu mna marafiki Waislamu. Ushirika unatoka kwenye mzizi wa Kiarabu ambao umezaa pia "shirki", yaani kumpa Mungu mshirika, dhambi kubwa kabisa katika Uislamu. Kwa hiyo rafiki yako akisikia sisi tunatamka ushirika na Mungu anaweza kushtuka, na ana sababu. Nasi hatusemi kwamba mtu amepanda akajipachika kando ya Mungu. Waraka wa pili wa Petro (2Pet 1:4) unasema tumefanywa koinonoi, washirika, wa tabia ya Kimungu, na hilo ni kwa sababu yeye ameshuka kwetu. Ndiyo maana wakati wa kuandaa vipaji, tone la maji linatiwa kwenye divai, na sala ya kimya inayosemwa pale inaomba hicho hicho: tushiriki Umungu wake yeye aliyekubali kushiriki ubinadamu wetu. Tone lile dogo! Siku nyingine mtumishi wa altare akipeleka maji, liangalie.

Korintho, au kampani inapooza

Sasa tuje kwenye sehemu inayouma. Soma 1Kor 11:17-34 yote, usisome tu zile aya za kuweka Ekaristi. Wakorintho walikuwa wakikutana kwa karamu na kuumega mkate, na Paulo anawaambia kwamba mikutano yao inawaletea hasara badala ya faida. Kosa lao ni lipi? Si uzushi. Ni sahani. Kila mmoja anakula chakula chake mwenyewe, huyu anabaki na njaa, yule analewa. Wachambuzi wengi wa Maandiko wanaona picha hii: wakutanikie nyumba ya tajiri, wenye nafasi wafike mapema, wale, wanywe, watumwa na vibarua wafike baada ya kazi, wakute makombo. Paulo anauliza kwa ukali kama wanataka kulidharau Kanisa la Mungu na kuwaaibisha wasio na kitu. Na anapotoa dawa, baada ya maneno mazito yote juu ya kula bila kustahili, dawa yenyewe ni fupi ajabu (11:33): mngojane.

Kwa miaka mingi nilizoea kusikia "kula bila kustahili" ikielezwa kwa dhambi za siri za mtu binafsi, na ni kweli kabisa kwamba mwenye dhambi ya mauti atangulie kwanza kitubio. Lakini mahali penyewe Paulo alipoiandika, jambo lililompandisha hasira ni watu waliomeza mkate mmoja huku wameshindwa kumwona aliyekaa njaa pembeni yao. Wana mkate. Hawana kampani.

Jamani, tuseme ukweli wetu. Kundi la vijana parokiani linapanga hija. Kuna mchango wa basi, mchango wa chakula, na fulana za rangi moja. Hakuna anayesema "maskini wasije". Hakuna haja. Yule kijana anayefua nguo za watu, yule wa bodaboda anayepeleka hesabu ya siku kwa mwenye pikipiki, anasoma tangazo kwenye kundi la WhatsApp, anapiga hesabu kimya kimya, na siku ya hija "ana dharura". Mara ya pili dharura tena. Mara ya tatu anasema ile sentensi yetu: sina kampani kule. Au chukua dada anayefanya kazi za ndani. Mkutano wa vijana unapangwa baada ya Misa ya pili, saa ile ile ambayo anatakiwa awe jikoni kwa bosi wake. Mwaka mzima hakuna aliyeuliza kwa nini Fulani haonekani, na siku ya uchaguzi wa viongozi inasemwa kwamba "hana moyo wa utume".

Sisemi michango ifutwe. Ubia ni kila mmoja kuleta chake, tumeliona hilo. Lakini katika kula bia, aliye na nazi alileta nazi na aliye na kuni alileta kuni. Aliyekuwa na mikono tu alikuna nazi. Sisi tumegeuza kila kitu kuwa hela, halafu tukaweka kiwango kimoja kwa mtoto wa meneja na mtoto wa mama ntilie. Kuna mambo machache rahisi hapa. Mweka hazina anaweza kupokea mchango kwa siri bila kusoma majina na viasi hadharani. Fulana inaweza kuwa hiari. Ratiba inaweza kuzunguka, mwezi huu Jumapili, mwezi ujao jioni ya siku ya kazi. Si mambo ya Mtaguso huo, ni mambo ya kukaa dakika ishirini na kuamua.

Yesu naye aliomba

Wapo vijana, hasa wa kiume, wanaoona kuhitaji kampani ni udhaifu. "Mimi nasali mwenyewe, Mungu ananijua." Aristotle, ambaye hakuwa Mkristo, katika kitabu cha nane cha Maadili kwa Nikomako anasema hakuna mtu ambaye angechagua kuishi bila marafiki hata angepewa mema mengine yote. Na anataja usemi wa watu wa zama zake kwamba watu hawawezi kujuana kabla hawajala chumvi pamoja. Tazama, chakula tena.

Lakini sisi tuna mwalimu mkuu kuliko Aristotle. Katika Mk 3:14 Yesu anawachagua Thenashara kwa makusudi mawili, na Marko ameyapanga kwa mpangilio: kwanza wawe pamoja naye, kisha awatume kuhubiri. Kampani kabla ya kazi. Viongozi wa vikundi mnisikilize vizuri, maana ninyi mkipewa mtu mpya wiki ya kwanza mnampa jukumu la kukusanya viti.

Halafu Gethsemane. Mt 26:37-40. Yesu anawachukua Petro na wale wana wawili wa Zebedayo (wale wale wabia wa samaki), anawaambia roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, na anawaomba wakae pale, wakeshe pamoja naye. Hakuwaomba wamwokoe. Petro alipojaribu kuokoa kwa upanga baadaye alikemewa. Aliomba kampani tu. Wakalala. Anaporudi swali lake ni moja: hamkuweza kukesha pamoja nami hata saa moja? Mwana wa Mungu, aliyekuwa na Baba daima, katika ubinadamu wake alitaka watu watatu wakae macho karibu naye. Baada ya hapo sijui nani kati yetu atasimama aseme yeye hahitaji.

Kanisa halikulisahau swali lile. Ibada ya Saa Takatifu, iliyoenea kupitia Mtakatifu Margareta Maria Alacoque katika karne ya 17 huko Ufaransa, ni jibu la moja kwa moja: saa moja usiku wa Alhamisi, kati ya saa tano na saa sita, kukesha na Yesu wa Gethsemane. Kijana anayekwambia hajui aseme nini mbele ya Ekaristi mwambie hahitaji maneno mengi. Ameombwa kampani.

Chumba kimoja Paris

Mfano mmoja kutoka historia, na ninaupenda kuliko yote. Mwaka 1529, katika chuo cha Sainte-Barbe huko Paris, vijana wawili wenye umri wa miaka 23 walikuwa wanakaa chumba kimoja: Petro Faber, mtoto wa wafugaji, na Fransisko Ksaveri, mtoto wa watu wenye jina. Akaongezwa mtu wa tatu, mzee kwao, mwenye miaka 38 hivi na mguu unaochechemea kwa jeraha la vita: Inyasi wa Loyola. Kijana gani wa chuo leo angefurahi kupewa rumeti wa hivyo? Faber alimsaidia Inyasi kwenye masomo ya Aristotle, Inyasi akamsaidia Faber kwenye mashaka ya roho. Ksaveri alichukua muda mrefu, alikuwa na ndoto za cheo. Inyasi hakumkimbiza. Tarehe 15 Agosti 1534 wakiwa saba walipanda kilima cha Montmartre, wakaweka nadhiri wakati wa Misa iliyoadhimishwa na Faber, padre pekee kati yao wakati ule.

Baadaye walipojiuliza watajitambulisha kwa jina gani, walichagua Compañía de Jesús. Kampani ya Yesu! Na Kiswahili tunawaita nani Wajesuiti? Shirika la Yesu. Kampani na ushirika, maneno yetu mawili, yamekutana kwenye mlango wa nyumba moja.

Lakini ona kilichofuata. Kampani ile haikukaa pamoja. Ksaveri aliondoka Lisbon mwaka 1541, akakaa miezi kadhaa Msumbiji, na mwaka 1542 meli yake ikatia nanga Malindi, pwani yetu hii, ambako alimzika mtu aliyekuwa amefia melini. Kisha India, kisha visiwa vya mbali, kisha Japani. Barua zilichukua miaka kufika. Katika barua ya mwaka 1546, akiwa katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia, aliwaandikia wenzake kwamba amekata majina yao, yale waliyoyaandika kwa mikono yao wenyewe kwenye barua, naye anayabeba siku zote pamoja na nadhiri yake. Vipande vya karatasi! Alikufa Desemba 1552 kwenye kisiwa karibu na China, mbali na kila mmoja wa wale sita wa Montmartre.

Ninyi mnaohama kwenda kusoma, mnaopangiwa kazi wilaya ambayo hamjui mtu, mnaokwenda Oman au Dubai kufanya kazi, mtu huyu ni wenu. Makundi yetu ya simu yana majina mamia, asubuhi zinamiminika picha za maua na "siku njema", na bado mtu anaweza kulia kwenye kundi hilo asijulikane. Ksaveri alikuwa na majina machache tu, lakini kila moja alilijua mwandiko wake.

Neno fupi kuhusu kampani mbaya, maana wazazi wasiponiona nimeligusa watanilaumu. Katika 1Kor 15:33 Paulo anawaonya Wakorintho kwa msemo wa Kigiriki ambao kwa kawaida husemwa ni wa Menander, mtunzi wa michezo ya kuigiza. Biblia zetu zinazungumzia mazungumzo mabaya yanayoharibu tabia njema. Neno la Kigiriki pale ni homiliai, ambalo maana yake ni mazungumzo na pia ni kukaa pamoja na watu. Ndiyo, ndilo lililotupa "homilia". Kila kampani inakuhubiria, hata ile isiyofungua Biblia. Ila swali la "huyu ni kampani mbaya?" jiulize pia ukiwa umejiangalia kwenye kioo, wewe unawahubiria nini wenzako.

Kumpitia mtu

Maaskofu wa AMECEA mwaka 1973, na tena mwaka 1976, walipoamua kwamba Kanisa la Afrika Mashariki lijengwe kwa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, walitaka Kanisa lishuke hadi kwenye nyumba za majirani, mahali ambapo mtu akikosekana anaonekana. Nyumba kumi, kumi na tano. Vijana wengi wanasema Jumuiya ni ya wazee, rozari ndefu na matangazo ya michango. Sehemu fulani wana haki. Lakini wazee wale wana jambo moja ambalo sisi hatuna: ukifiwa, wanakuja, wanalala msibani, wanapika. Wanajua kutoa kampani kwa mwili, si kwa emoji.

Kwa wiki hii nina ombi moja tu, na linatoka kwenye neno zuri la Kiswahili: kupitia. "Nitakupitia saa kumi na moja." Mtu ambaye hana kampani Jumuiya hasaidiwi na tangazo altareni, wala na ujumbe wa kundi unaosema "wote mnakaribishwa". Anasaidiwa na mtu mmoja anayesimama mlangoni kwake dakika kumi kabla. Fikiria jina moja. Usichague yule mchangamfu, huyo atakuja tu. Chagua mwenye dharura nyingi. Kama ana kazi hadi jioni, msubiri, mchelewe wote wawili. Ukimwacha aingie peke yake amechelewa, umempeleka Korintho. Kama hali ya mfuko hairuhusu sadaka, keti naye pembeni, mpite wote.

Na kama wewe ndiye huna kampani, sema. Si kwenye status. Mwambie mtu mmoja, kwa maneno yale yale aliyoyatumia Bwana kwa watu watatu: kaa hapa nami kidogo. Akilala, mwamshe. Yesu aliwarudia mara tatu.

Kwa tafakari ya wawili wawili: someni Lk 24:13-35, safari ya Emau. Hesabuni mangapi mgeni yule anafanya kabla hawajamtambua, na muone ni wakati gani hasa macho yao yanafumbuliwa.